Ishara Moja Iliyo Mikononi Mwetu

Somo: Mathayo 24:3-14, Matendo ya Mitume 1:6-11

Popote ulipo asubuhi hii, kama unakamua ng'ombe, kama unachemsha chai ya watoto, au kama umelala kitandani kwa ajili ya ugonjwa, karibu tukae pamoja kwa dakika chache chini ya Neno la Mungu. Ukiwa na Biblia karibu, fungua Mathayo sura ya 24, uweke kidole hapo.

Nitaanza kwa kuungama. Ilikuwa Jumapili moja ya Majilio, mwaka 2023, hapa kwetu Kachibora. Majilio ndiyo majuma ambayo kanisa letu husoma habari za kurudi kwa Bwana. Lakini siku hiyo mimi nilihubiri juu ya kuiandaa nyumba kwa Krismasi. Nilipokuwa nikiagana na watu mlangoni, kukhu mmoja wa Umoja wa Akina Mama akanishika mkono, asiuachilie.

"Pasta mwanangu," akasema, "siku hizi husemi tena habari za kurudi kwa Bwana. Je, haji tena?"

Nikatabasamu nikamjibu, "Anakuja, kukhu."

"Basi mbona umenyamaza? Mimi nimemzika mume, nimewazika na watoto wawili. Wewe ukininyamazia habari hiyo, unaniachia nini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilisoma miaka mingi katika chuo cha theolojia, nikajibu maswali ya mtihani juu ya kitabu cha Ufunuo, lakini mbele ya mama yule sikuwa na jibu. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeliacha fundisho hilo kimya kimya, na sababu yake naijua.

KWA NINI TULINYAMAZA

Mnakumbuka mwezi wa Aprili wa mwaka ule. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi. Watu walikuwa wamefundishwa kwamba mwisho umefika, na kwamba wakifunga kula hata kufa watamwona Yesu. Siku baada ya siku tulisikia hesabu ikipanda, mpaka ikapita miili 400. Watoto wadogo walikuwa miongoni mwao. Habari za nani mwenye hatia ni kazi ya mahakama. Lakini sisi wahubiri tuliona haya. Tukaogopa kwamba tukitamka tu neno "mwisho", watu watatutazama kwa shaka.

Wala haikuwa mara ya kwanza katika nchi zetu. Jirani zetu wa Uganda hawajasahau Kanungu. Kikundi kimoja huko kilitangaza kwamba dunia itakoma mwaka 1999 ukiisha. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, na baadaye miili mingine mingi ikapatikana imezikwa mahali pengine.

Mimi mwenyewe nilikuwa kijana wa sekondari wakati ule. Mtu mmoja wa kijijini kwetu aliuza mtamba wake, akasema hana haja ya kulima tena, kwa kuwa mwaka 2000 hautaonekana. Usiku wa mwisho tulikesha kanisani, wengine kwa furaha, wengine kwa hofu. Asubuhi jua likachomoza juu ya milima ya Cherang'any kama kawaida yake, na karo ya shule ilikuwa bado inadaiwa. Yule jirani hakurudi kanisani tena. Nadhani aliona haya. Nasikitika kwamba hakuna aliyemfuata nyumbani kwake, hata mimi.

Je, basi, tulizike fundisho hili? Sikieni, ninyi wakulima. Ni nani katika Trans Nzoia asiyejua habari ya mbegu bandia? Mtu hununua mfuko, huupeleka shambani kwa tumaini, naye hupanda kwa mvua ya kwanza. Mahindi hayaoti, au huota yakadumaa. Lakini sijamwona mkulima aliyesema, "Kwa kuwa nilidanganywa, sitapanda tena maisha yangu yote." Mwaka unaofuata hununua tena, ila huukagua mfuko kwa macho makali zaidi. Nasi tufanye vivyo hivyo na unabii. Tusiutupe, tuukague.

SWALI LA "LINI" NA JIBU LA BWANA

Tazameni sasa mlango wa somo letu. Wanafunzi wamekaa na Yesu juu ya mlima wa Mizeituni, nao wanamwuliza mambo hayo yatakuwa lini. Kisha, baada ya kufufuka kwake, wanamwuliza tena kama wakati umefika wa kuurudisha ufalme kwa Israeli. Mara mbili swali ni lile lile: lini?

Mara mbili Bwana hakuwapa tarehe. Katika Mathayo 24:36 asema siku ile haijulikani na mtu, wala na malaika. Katika Matendo 1:7 awaambia kwamba nyakati ziko katika mamlaka ya Baba. Lakini hakuwaacha mikono mitupu. Katika kifungu cha nane, mara moja, anawaahidi nguvu ya Roho Mtakatifu na kuwapa kazi: watakuwa mashahidi wake, kuanzia mjini walipo mpaka miisho ya nchi. Waliomba kalenda, wakapewa kazi. Hata malaika wawili waliosimama hapo hawakuwaruhusu kuendelea kukodolea macho mawingu. Waliwahakikishia kwamba atarudi, nao wakashuka mlimani kwenda kuanza.

Sasa rudini kwenye kile kidole chenu, Mathayo 24, mkahesabu ishara pamoja nami. Makristo wa uongo. Vita na habari za vita. Njaa. Matetemeko ya nchi. Wanafunzi kuchukiwa na kuuawa. Manabii wa uongo. Upendo wa wengi kupoa. Halafu, katika kifungu cha 14, Injili ya ufalme kuhubiriwa ulimwenguni kote iwe ushuhuda kwa mataifa yote, ndipo mwisho ufike.

Je, mmeona tofauti? Vita hatukuagizwa tuvianzishe. Njaa hatukuagizwa tuilete; tena Bwana huyo huyo ametuagiza tuwalishe wenye njaa. Tetemeko la nchi halimngoji mtu. Katika orodha ile yote ipo ishara moja tu iliyowekwa mikononi mwetu, nayo ni ushuhuda. Nyingine zote twaambiwa tuzivumilie bila kufadhaika. Hii moja twaambiwa tuitende.

Mimi nilikuwa nikiisoma sura hii kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari mbaya. Swali la kukhu lilinirudisha kuisoma tena, nikaona kwamba katikati ya habari mbaya Bwana ameweka ahadi. Asema itahubiriwa. Hasemi labda. Kazi yako ya Shule ya Jumapili yenye watoto kumi na mmoja na benchi mbili ni sehemu ya jambo ambalo Bwana amekwisha kusema litatimia. Hiyo ndiyo faraja ya kwanza.

MWAKA 1844

Niwape mfano wa kweli kutoka historia ya kanisa letu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Wakristo wa kwao walitazamia sana kurudi kwa Bwana. Mwalimu mashuhuri wa Biblia wa huko, jina lake Bengel, aliyefariki mwaka 1752, alikuwa amepiga hesabu zake akaonyesha kwamba mambo makuu ya mwisho yangetukia mwaka 1836. Mwaka 1836 ukaja, ukapita. Watu wengine wangevunjika moyo. Lakini mwaka uliofuata kijana Krapf, mwenye umri wa miaka 27, alifunga safari kwenda Uhabeshi, ametumwa na shirika la CMS la Uingereza. Mlango wa Uhabeshi ulipofungwa, akaja pwani yetu. Mwaka 1844 akafika Mombasa pamoja na mkewe Rosina.

Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai Rosina akafariki kwa homa baada ya kujifungua, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akafa pia. Krapf akawazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, hali yeye mwenyewe ni mgonjwa. Kisha akaandika kwa rafiki zake Ulaya kwamba kaburi lile ni dalili kwamba kazi ya Injili imeanza upande huu wa Afrika.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Oktoba 1844, maelfu ya watu huko Marekani walikuwa wakimngoja Bwana siku hiyo hiyo. Walikuwa wamesikia mahubiri ya mkulima mmoja mcha Mungu aliyeitwa William Miller, na hesabu za wenzake zilikuwa zimeitaja tarehe hiyo. Baadhi yao waliacha viazi shambani bila kuvichimba. Usiku ukapita, kukacha, wakalia machozi. Sisemi haya ili kumcheka mtu. Walimpenda Bwana, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Lakini walikuwa wameweka tumaini lao juu ya tarehe, na tarehe ikawaangusha.

Krapf naye alimngoja Bwana yule yule, katika mwaka ule ule. Yeye hakuwa na tarehe. Alikuwa na makaburi mawili, homa, na kalamu. Akaendelea. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaanza kazi Rabai. Mmoja wa wale wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, mtu aliyelemaa mwili, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Krapf alipoondoka mwaka 1853, walioamini walikuwa wachache sana. Kwa hesabu ya wanadamu ilikuwa hasara tupu. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia.

Lakini wewe unayenisikia asubuhi hii kwa Kiswahili, katika milima hii ambayo Krapf hakuiona kamwe, niambie: je, ilikuwa hasara?

SHAHIDI

Faraja ya pili ni hii. Bwana alitangulia kusema kwamba mashahidi wake watateswa. Kwa hiyo tukiona mateso tusidhani ya kwamba kazi imeshindwa. Lugha yetu yatusaidia hapa. Mtu asimamaye mahakamani kusema aliyoyaona twamwita shahidi, na mtu auawaye kwa ajili ya imani yake twamwita shahidi pia. Ndivyo ilivyo katika Kiyunani cha Agano Jipya: neno ni lile lile moja. Katika Ufunuo 12:11 watu wa Mungu wanamshinda adui kwa damu ya Mwana-Kondoo na kwa neno la ushuhuda wao, wala hawakung'ang'ania uhai wao.

Askofu James Hannington alipita nchi hii ya magharibi mwaka 1885. Aliwaacha wengi wa msafara wake kwa Sundu, mahali tupaitapo leo Mumias, akaendelea na watu wachache. Tarehe 29 Oktoba akauawa Busoga. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa Buganda, Waanglikana kwa Wakatoliki, walichomwa moto pamoja Namugongo. Mwaka 1977, kanisa la Uganda lilipokuwa likijiandaa kuadhimisha miaka 100 ya Injili, Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake waliandika barua kwa Idi Amin kuyapinga mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari akauawa. Leo Uganda huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka.

Na hapa petu wazee wamkumbuka Askofu Alexander Muge wa Eldoret, ambaye dayosisi yake wakati ule ilichunga pia makanisa ya Kitale. Mwezi wa Agosti 1990 waziri mmoja wa serikali alimtisha hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Tarehe 14 Agosti akaenda Busia, akahubiri. Alipokuwa akirudi, gari lake liligongana na lori, akafa papo hapo.

Watu hawa hawakuutafuta mauti. Hapo ndipo tofauti kati yao na mafundisho ya msituni. Hawakujiua njaa ili wamwone Yesu, wala hawakuwapeleka watoto wa wenzao kufa. Walikwenda mahali penye kazi, na mauti iliwakuta kazini.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, jirani alipomkimbia jirani katika Bonde la Ufa, wengi tulisema, "Huu ndio mwisho." Upendo wa wengi ulipoa kweli. Lakini wako waliomficha mtu wa kabila lingine chini ya kitanda, wakawaambia wenye mapanga hakuna mtu humu ila sisi na Mungu. Nao walikuwa mashahidi.

KUKAWIA KWAKE NI REHEMA

Faraja ya tatu iko katika 2 Petro 3:9. Watu walikuwa wakidhihaki, wakisema ahadi imechelewa. Petro ajibu kwamba Bwana hakawii kama watu wadhanivyo. Anavumilia, kwa kuwa hapendi mtu ye yote apotee. Basi kila asubuhi unayoamka na kuona Bwana hajarudi, jua kwamba amempa mtu fulani siku moja zaidi. Yawezekana ni mwanao aliyeko Nairobi asiyepiga simu. Yawezekana ni jirani mnayegombania mpaka. Kwangu mimi ilikuwa ni yule aliyeuza mtamba.

Baada ya Krismasi ile nilikwenda kwake. Sasa ni mzee. Tulikaa chini ya mti, tukanywa chai, tukaongea habari za bei ya mahindi na mbolea. Mwisho nikamwomba msamaha kwamba miaka zaidi ya ishirini kanisa halikumtafuta. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilidhani mlikuwa mnanicheka." Hajarudi kanisani bado. Lakini ameniambia nipite tena, nami napita.

TUKAGUE MFUKO

Mtu akija kwako na fundisho la mwisho wa dunia, mwulize maswali matatu. La kwanza: je, ametaja tarehe? Bwana alisema haijulikani. Anayeijua amempita Bwana. La pili: je, anakuambia uache kazi, shule, dawa na chakula? Huko Thesalonike walikuwapo watu wa namna hiyo, na Paulo, katika 2 Wathesalonike 3:10-12, aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu, wale chakula chao wenyewe. Kumbuka pia kwamba Yesu alipomfufua binti Yairo, neno alilowaagiza wazazi ni kwamba mtoto apewe chakula. Na baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi wake mkate na samaki ufuoni. Huyo ndiye tunayemngoja. La tatu: je, fundisho hilo lakupeleka kwa jirani yako, au lakuficha mbali naye? Unabii wa kweli hufungua mlango, ukamtuma mtu nje.

Mkulima wa Kachibora hapandi mwezi wa Machi kwa kuwa ameshaandikiwa siku ya kuvuna. Hupanda kwa kuwa anajua mavuno yapo. Ndiyo maana mwezi wa Mei hupalilia katika tope, mgongo ukiuma. Angekuwa hana hakika ya mavuno, angebaki nyumbani. Angekuwa na tarehe tu bila kazi, angevuna magugu.

Jumapili ya mwisho ya Majilio nilihubiri 1 Wathesalonike 4:13-18, mahali ambapo Paulo awaeleza waliofiwa kwamba Bwana atashuka, na wafu walio katika Kristo watafufuka kwanza, kisha awaagiza wafarijiane kwa maneno hayo. Kukhu alikuwa ameketi benchi la mbele. Baada ya ibada sikumwona mlangoni, nikadhani ameudhika. Nilimkuta barabarani, anapanda mlima polepole na fimbo yake, anaelekea nyumba ya mama kijana aliyefiwa juma lile.

"Naenda kumwambia uliyosema," akaniambia. "Asubuhi hakuweza kuja."

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, tusamehe tuliponyamaza kwa kuona haya. Wafariji wote waliofiwa Shakahola, Kanungu, na katika nyumba zetu wenyewe. Utuepushe na wadanganyifu, na uvivu wetu pia. Tupe nguvu ya Roho wako, tuwe mashahidi wako leo, hapa tulipo, mpaka siku utakayokuja. Amina.